Kasoro ya Bastola na Kasoro ya Tafsiri

Miongoni mwa maandiko tuliyoletewa ili tuyatolee maoni umo waraka mfupi wa kurasa nne, uliotafsiriwa kutoka Kiingereza, unaomweleza mnunuzi au mtunza ghala namna ya kuikagua bastola mpya kabla ya kuipokea. Hatutamtaja mtafsiri wala ofisi iliyomwagiza, kwa kuwa nia yetu si kumwaibisha mtu. Kiswahili chake ni safi, sarufi yake haina mawaa, na mwalimu asahihishaye insha angempa alama nzuri. Hata hivyo, baada ya kuusoma waraka huo mara tatu, mara ya mwisho tukiwa pamoja na fundi wa silaha aliyestaafu, tumefikia uamuzi kwamba haufai kutumika kama ulivyo. Mtu akiufuata neno kwa neno anaweza kujipiga risasi au kumpiga mwenzake.

Huo ni uamuzi mzito, nasi tunawajibika kuuthibitisha. Tutafanya hivyo kwa kufuata mpango wa waraka wenyewe, kisha tutatoa mapendekezo yetu.

1. Neno "na" na mpangilio wa hatua

Agizo la kwanza la waraka ni hili: "Vuta sehemu ya juu nyuma na uondoe magazini, kisha hakikisha chumba cha risasi kiko wazi." Msomaji asiyeijua bastola hataona tatizo lolote hapa. Kwa hiyo inatupasa kwanza tueleze jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi.

Bastola inayozungumzwa ni ile inayojishindilia yenyewe. Risasi zake hupangwa katika kijaluba cha chuma, yaani magazini, ambacho huingizwa ndani ya mpini. Juu yake ipo sehemu inayoteleza mbele na nyuma. Sehemu hiyo ikivutwa nyuma na kuachiwa hali magazini ingali ndani, hurudi mbele ikiwa imeichukua risasi moja na kuisukuma katika tundu lililo nyuma ya kasiba, tayari kwa kufyatuliwa. Ndiyo kusema kwamba mtu akivuta kwanza na kutoa magazini baadaye, anaweza kubaki na bastola ambayo magazini yake iko mezani, naye anaamini kuwa ni tupu, ilhali risasi moja imo ndani. Ajali nyingi za bastola "tupu" hutokea kwa njia hii hii.

Tumeitazama nakala ya Kiingereza. Humo mpangilio ni sahihi: magazini hutoka kwanza. Mtafsiri ameugeuza, bila shaka kwa sababu sentensi ilimjia vizuri zaidi hivyo, na kwa sababu aliamini kuwa "na" inatosha. Katika Kiswahili "na" hujumlisha, haipangi. Tukimwambia mtoto aende sokoni akanunue nyama na mchele, hatuuliza alianza na kipi. Lugha yetu haina upungufu wa njia za kupanga matendo. Tunavyo "kwanza", "kisha" na "ndipo". Tunacho kiambishi "-ka-" cha mfululizo. Tunacho kitenzi "kwisha" kinachoonyesha kuwa tendo moja limekamilika kabla ya jingine kuanza. Mtafsiri wa maandishi ya ufundi asiyezitumia njia hizi ameacha zana zake nyumbani.

Tatizo la pili liko katika maneno "chumba cha risasi kiko wazi". Tulimwonyesha karani mmoja sentensi hiyo bila kumweleza habari yoyote, naye akatujibu kuwa maana yake ni kwamba mlango wa ghala la risasi umeachwa bila kufungwa. Hakukosea. "Chumba" ni mahali penye kuta na mlango, na "wazi" ni kinyume cha "kufungwa" kabla ya kuwa kinyume cha "kujaa". Mafundi wenyewe huliita tundu hilo "chemba". Ni kweli kwamba neno hilo hutumika pia kwa mashimo ya maji machafu majumbani, lakini hatumwoni mtu atakayeyachanganya hayo mawili. Neno ambalo maana zake mbili ziko mbalimbali halina hatari. Hatari iko kwa neno ambalo maana zake zote mbili zinaweza kukaa katika sentensi ile ile.

Kwa hiyo tunapendekeza agizo lisomeke hivi: "Kwanza, toa magazini. Magazini ikiisha kutoka, vuta kitelezi nyuma mpaka mwisho na ukishikilie hapo. Tazama ndani ya chemba, kisha ingiza ncha ya kidole uhakikishe kuwa chemba ni tupu. Wakati wote huo mdomo wa bastola uelekee mahali pasipo na mtu, na kidole kisiguse kifyatulio." Ni maneno mengi kuliko ya waraka. Hatuoni haya kwa urefu huo.

2. Majina ya vipande

Maneno yetu mengi ya silaha yalikuja pamoja na bunduki za kushindilia kwa mdomo. Bibi na babu zetu walijua gobori, baruti, fataki, na mdeki wa kushindilia. Maneno hayo ni mazuri, lakini yalizaliwa na chombo kingine. Mtafsiri wa leo hana budi kuuliza, kwa kila neno, kama kitu kilichotajwa zamani ndicho kilichomo mkononi sasa.

Tuchukue "risasi". Kwa asili neno hili la Kiarabu lina maana ya madini ile nzito laini, na kwa gobori lilitosha, kwa sababu kilichotiwa ndani baada ya baruti kilikuwa kweli ni kidonge cha risasi. Siku hizi tunaliita kwa jina hilo pia fungu zima, yaani ganda la shaba nyeupe au nyekundu, baruti iliyomo, fataki iliyo kitakoni, na kichwa kirukacho. Waraka unasema, "Ikiwa risasi imekwama katika kasiba, usifyatue." Agizo hili ni la lazima, maana kichwa cha risasi kilichokwama njiani kikifuatwa na kingine, kasiba huvimba au hupasuka. Lakini mkaguzi anayedhani kuwa anaambiwa habari ya risasi nzima atatazama chembani tu, na hataangaza kasiba yote kwa tochi. Tunashauri "risasi" libaki kwa fungu zima kama watu walivyokwisha kuzoea, na sehemu zake ziitwe "ganda", "baruti", "fataki" na "kichwa cha risasi".

Kuhusu "kasiba" na "mtutu", tumeona waraka ukiyatumia yote mawili kwa kupokezana. Magazeti yetu nayo husema "mitutu ya bunduki" kwa maana ya bunduki zenyewe. Kwa kuwa "mtutu" limekwisha kupanuka hivyo, tunaona "kasiba" lafaa zaidi kwa kipande, na "mdomo" kwa ncha ile ambako kichwa cha risasi hutokea.

Ndani ya kasiba ndimo tulimokuta kosa lililomchekesha fundi wetu. Waraka unasema, "Mikwaruzo ya kuzunguka ndani ya kasiba ni dalili ya kasoro." Kumbe maneno ya Kiingereza yalikuwa yanataja michirizi iliyochongwa kwa makusudi ili kichwa cha risasi kizunguke kikiwa hewani na kwenda sawa. Nakala ya Kiingereza ilisema kuwa michirizi hiyo ionekane wazi na kingo zake ziwe safi. Gobori halikuwa nayo, kwa hiyo Kiswahili hakikuipa jina. Mtunza ghala akiufuata waraka huu atazikataa bastola zote nzima, na akipata moja ambayo kiwanda kilisahau kuichonga, ataipokea kwa furaha. Tunapendekeza "mifuo", na "mikwaruzo" libaki kwa alama ambazo hazikukusudiwa.

"Kivutio" ni neno jingine. Waraka unaagiza, "Hakikisha kivutio hakijavunjika." Kinachokusudiwa ni kile kidole kidogo cha chuma kinacholishika ganda kwa ukingo wake na kulitoa chembani baada ya kufyatua. Uundaji wa neno ni halali kabisa: vuta, vutia, kivutio. Lakini nafasi ya neno hili imekwisha kukaliwa, na kila mtumishi wa serikali aliyewahi kusoma taarifa ya utalii anajua limekaliwa na nani. Mafundi wanasema "ukucha", kwa kuwa kipande hicho hushika kama ukucha. Tunawaunga mkono.

Vivyo hivyo "shabaha ya mbele". Shabaha ni kile unacholenga, na hakiwezi kuwa juu ya bastola yako mwenyewe. Pale juu pana "kilengeo", cha mbele na cha nyuma. Kadhalika "kitako" ni cha bunduki inayoegemezwa begani; bastola hushikwa kwa "mpini", kama jembe au kisu.

Kwa kipande kinachovutwa kwa kidole waraka unatumia "mtambo". Wazee walisema "mtambo wa bunduki", nasi hatuwakosoi. Lakini leo mtambo ni mashine kubwa, kama mitambo ya umeme, na agizo la "kukagua mtambo" laweza kueleweka kuwa ni kukagua viungo vyote vya ndani. "Kifyatulio" ni wazi zaidi, nalo limeundwa kama "kifutio".

Tumeliacha neno lenye hatari kuliko yote liwe la mwisho. Waraka unaliita komeo dogo la kuzuia ufyatuaji "usalama". Kisha unasema: "Fungua usalama, halafu vuta kifyatulio; nyundo isianguke." Je, kufungua usalama ni kuuweka, au kuuondoa? Tuliwauliza watu sita. Wanne walisema ni kuuondoa, wawili wakasema ni kuuweka. Kulingana na nakala ya Kiingereza, wale wawili ndio waliopatia. Istilahi inayogawanya watu sita namna hii katika jambo la kufa na kupona haistahili kuitwa istilahi. Usalama ni hali. Hauwezi kufungwa wala kufunguliwa kwa kidole gumba. Tunapendekeza kipande kiitwe "kizuizi", na vitenzi vyake viwe "kuweka" na "kuondoa" tu. Agizo litakuwa: "Chemba ikiwa tupu, weka kizuizi, kisha vuta kifyatulio, nyundo isianguke. Achia kifyatulio, ndipo uondoe kizuizi. Hata hapo nyundo isianguke mpaka kifyatulio kivutwe tena." Sehemu ya pili ya agizo, ambayo ndiyo inayofichua kizuizi kibovu, haimo kabisa katika tafsiri.

3. Kasoro, hitilafu, dosari, ubovu

Nakala ya Kiingereza inatumia neno moja, tena na tena, kwa upungufu uliotokana na kiwanda. Tafsiri inatumia manne: kasoro, hitilafu, dosari na ubovu. Tunajua chanzo cha jambo hili. Sote tulifundishwa shuleni kwamba kurudiarudia neno moja ni uhaba wa msamiati. Kwa insha na riwaya fundisho hilo ni jema. Kwa maandishi ya ufundi na ya sheria ni sumu, kwa sababu msomaji akiona neno jipya ana haki ya kudhani kuwa limetajwa jambo jipya. Tunawaomba walimu wawaeleze wanafunzi wao tofauti hiyo mapema.

Na kwa kweli maneno haya si sawa. "Kasoro" lina maana ya kupungua. Ndiyo maana twasema "saa mbili kasorobo". Kitu chenye kasoro kimepungukiwa na kile kilichokusudiwa na mwenye kukibuni: kasiba haikunyooka, springi ni dhaifu, midomo ya magazini imepinda, ukucha una ufa. "Hitilafu" asili yake ni kutofautiana, nasi tunalitumia kwa chombo kinachokwenda kinyume na kawaida yake, kama hitilafu ya umeme. Basi kasoro ni sababu, na hitilafu ni matokeo. Magazini yenye midomo iliyopinda ina kasoro. Risasi inapokwama njiani kwa ajili hiyo, hapo pana hitilafu. "Dosari" tungeliachia alama zisizodhuru kazi, kama rangi iliyochubuka. "Ubovu" ni neno la jumla mno, na "uchakavu", ambalo waraka hauna, ni la lazima, kwa kuwa bastola iliyokwisha kutumika na kusuguliwa ikauzwa kama mpya hutambulikana kwalo. Kasoro ni deni la kiwanda. Uchakavu ni alama ya mtumiaji. Muuzaji na mnunuzi wakigombana, hukumu yote yaweza kusimama juu ya maneno hayo mawili.

Ipo tofauti nyingine ambayo waraka umeipita: kasoro ya utengenezaji na kasoro ya usanifu. Ya kwanza ni ya bastola moja au ya fungu moja iliyotoka chini ya kipimo. Ya pili imo katika mchoro wenyewe, na bastola iliyotengenezwa kwa uaminifu kabisa itakuwa nayo. Mwezi wa Agosti 2017 kampuni ya SIG Sauer ilitangaza mpango wa hiari wa kubadilisha baadhi ya vipande vya bastola yake iitwayo P320, baada ya majaribio ya watu wengine kuonyesha kuwa inaweza kufyatuka yenyewe ikianguka kwa pembe fulani. Miongoni mwa mabadiliko hayo kilikuwamo kifyatulio chepesi zaidi. Mtunza ghala ambaye angezikagua bastola hizo moja moja kwa jicho na kidole asingeona lolote, kwa kuwa kila moja ililingana na mwenziwe. Waraka wa ukaguzi usiotenganisha kasoro hizi mbili humpa msomaji imani isiyo na msingi kwamba bastola iliyopita ukaguzi haina la kuogopesha.

4. Alama ya ushahidi

Kwenye ukurasa wa tatu mkaguzi anaambiwa atafute "alama ya ushahidi" juu ya kasiba. Ofisa yeyote wa polisi atakwambia kuwa bastola yenye alama ya ushahidi ni ile iliyokamatwa na kupelekwa mahakamani. Kinachozungumzwa ni jambo jingine, nalo lina historia ndefu. Huko Ulaya, kwa karne kadhaa, silaha mpya haziruhusiwi kuuzwa mpaka zifyatuliwe kwa risasi zenye nguvu kupita za kawaida, na zikistahimili hupigwa chapa. Chama cha mafundi bunduki cha London kilipewa hati yake mwaka 1637. Mji wa Liège huko Ubelgiji ulianza desturi hiyo mwaka 1672. Mji wa Birmingham ukapata nyumba yake ya majaribio kwa sheria ya mwaka 1813. Tume ya kimataifa ya kuoanisha majaribio hayo ilianza mwaka 1914. Marekani, kwa upande wake, haina nyumba ya serikali ya namna hiyo, na viwanda vyake hujaribu vyenyewe. Kwa hiyo kukosekana kwa chapa ya Ulaya juu ya bastola ya Marekani si kasoro. Hilo nalo lingefaa kuelezwa na mtafsiri kwa maneno machache.

Kwa chapa hiyo tunapendekeza "alama ya ithibati". Isichanganywe na "namba ya utambulisho", ambayo mkaguzi anapaswa kuisoma na kuilinganisha na hati za ununuzi. Nchi zetu zina wajibu wa pamoja juu ya namba hizo tangu Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo ndogo.

5. Kwa nini jambo hili litushughulishe

Watakuwapo watakaosema kuwa tunahangaika bure: wanaoshika silaha ni wachache, wamefunzwa, na vipande vyake wanaviita kwa Kiingereza. Hoja hiyo haikubaliki kwetu kwa sababu mbili.

Kwanza, si kweli kwamba wote wamefunzwa kwa Kiingereza. Mlinzi wa usiku, askari wa wanyamapori, karani wa ghala, na mwananchi mwenye leseni ni watu wa Kiswahili. Waraka huu uliandikwa kwa ajili yao. Maneno ya Kiingereza waliyonayo ni ya kuokoteza, na kila mmoja ameokota yake.

Pili, katika Tanzania Bunge lilipitisha mwaka 2021 sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015 iliandikwa kwa Kiingereza. Siku shahidi atakaposimama kizimbani na kusema "usalama ulikuwa wazi", hakimu atahitaji kujua kama anamtetea mshtakiwa au anamtia hatiani.

Haki inatudai pia tujikosoe sisi wenyewe. Mara nyingi tumekaa mezani na kuunda maneno kwa kutazama kamusi mbili, bila kwenda karakana. Fundi aliyetusaidia katika uhakiki huu alitupa "ukucha" na "chemba" kwa muda wa dakika tano. Maneno hayo yalikuwapo siku zote, hatukuwa tumemwuliza. Hata "magazini", ambalo baadhi yetu tulitaka kulikataa kwa ugeni wake, limetokana na neno la Kiarabu la ghala ambalo mzizi wake ndio uliotupatia "hazina". Si mgeni kama tulivyodhani.

Neno moja bado halijaturidhisha. "Kitelezi", tulilolitumia hapo juu kwa sehemu ya juu inayokwenda mbele na nyuma, liko karibu mno na "utelezi" wa matope, na hatujamsikia fundi yeyote akilisema. "Slaidi" lingefaa, lakini limekwisha kuchukuliwa na picha za kuonyeshwa ukutani. Tunawaomba wasomaji wetu, hasa waliowahi kutumikia jeshi, polisi na hifadhi za wanyama, watuandikie neno walilokuwa wakilitumia kazini.

Kwa mtafsiri wa waraka, ushauri wetu ni kwamba aurudie akiwa na bastola tupu mbele yake na fundi ubavuni, afanye kila tendo analoliandika, na asiandike sentensi ya pili kabla mkono wake haujaitii ya kwanza. Mpaka hapo kazi hiyo itakapokamilika, nakala zilizokwisha kusambazwa zirudishwe.